Mazungumzo hayasikiki, matangazo yanapasua masikio: sauti ya TV nianze kuipanga wapi?

Mwana Segerea

Habari za jioni wakuu. Naomba mwongozo wa kupanga sauti ya TV, maana menyu ina vitu vingi kuliko ninavyovielewa.

Vifaa: TV flati inchi 43, imefungwa ukutani. King'amuzi cha dishi kimeingia kwa HDMI. Sabufa ya kawaida yenye spika ndogo mbili, nyuma ina matundu ya nyekundu na nyeupe. Sebule ni futi 12 kwa 14, chini vigae, juu jipsam na pangaboi.

Shida ni tatu. Msoma habari au watu wa kwenye tamthilia hawasikiki vizuri. Ukipandisha hadi 45, tangazo likiingia nyumba nzima inashtuka. Pili, sabufa ikichomekwa kwenye nyekundu na nyeupe ya TV iko kimya kabisa. Ikichomekwa kwenye king'amuzi inalia, ila sauti na midomo haviendi pamoja, na kuna mvumo wa "mmmmm" usioisha. Tatu, baadhi ya muvi za kwenye flashi zinatoa picha tu.

Ikwalaiza, ile milia ya kupandisha na kushusha besi na trebo, nimeshaichezea mpaka haijulikani ilikuwaje mwanzo. Nianzie wapi?

Nyaya Tatu

Mkuu, ikwalaiza ndiyo ya mwisho kushikwa. Sauti inatoka king'amuzi, inapita kwenye TV, inatoka spika, inagonga ukuta na vigae, ndipo inakufikia. Kama imeharibika njiani, huku mwisho utakuwa unapaka rangi ukuta wenye unyevu.

Kwanza futa ulichochezea. Ingia menyu ya Sound, shuka mpaka Reset. Haigusi chaneli wala picha, ni sauti tu.

Pili, king'amuzi. Chukua rimoti yake, pandisha sauti mpaka mwisho, iache hapo moja kwa moja. Kuanzia leo unapandisha na kushusha kwa rimoti ya TV peke yake. Nyumba nyingi king'amuzi kiko nusu halafu TV iko 50, yaani TV inahangaika kukuza sauti ambayo imeshapunguzwa huko nyuma. Ukihama kwenda YouTube au flashi, ile 50 inakulipukia.

Ukiwa hapo hapo kwenye king'amuzi, tafuta mpangilio wa sauti ya kidijitali. Kama uko kwenye Dolby (sauti iliyobanwa kwa mfumo maalumu), weka PCM (sauti isiyobanwa) au Stereo. Chaneli zenye Dolby mara nyingi huja chini kuliko zile za stereo ya kawaida, ndiyo maana kubadili chaneli kunaruka kama ngazi iliyovunjika. King'amuzi kikitoa PCM kwa zote, viwango vinakaribiana.

Sasa TV. Sound Mode chagua Clear Voice, Speech au jina lolote linalohusu maongezi. Kama haipo, weka Standard. Achana na Movie kwa taarifa ya habari. Zima kila kitu chenye neno Surround au Virtual. Hicho kinachezea sauti ya kushoto na kulia ili ionekane pana, na anayeumia ni mtangazaji, ambaye yuko katikati: anasikika kama anaongea kutoka chooni. Halafu angalia kama kuna kipengele cha mahali TV ilipo. Kwenye Hisense kinaitwa Wall Mount Setup, kwenye Sony ni TV Position. Spika za flati nyingi zinatazama chini au nyuma, kwa hiyo TV ya ukutani na ya mezani hazilii sawa. Ukuta ulio karibu unaongeza sauti nzito na kufunika maneno.

Hapo ndipo unaigusa ikwalaiza. Weka taarifa ya habari, mtu mmoja anaongea, hakuna muziki. Kama ina milia mitano, anza hivi (Hz ndogo ni sauti nzito, kHz kubwa ni sauti nyembamba):

100 Hz: -3
300 Hz: -2
1 kHz: +1
3 kHz: +4
10 kHz: +1

Sababu: koo la mwanaume linaanzia kama 85 Hz, lakini linalokufanya utofautishe "fika" na "shika" ni mkwaruzo wa f na sh, na huo uko juu, kuanzia kama 2 kHz. Besi haikuongezei neno hata moja. Tena spika za ndani ya flati ni vidude vidogo. Ukipandisha 100 Hz hazitoi besi, zinapasuka tu. Na usipandishe milia yote mitano kwa pamoja. Hiyo ni sawa na kuongeza sauti, ila kwa njia inayofikisha mpasuko mapema.

Ukisikia s zinachoma kama mluzi, shusha 3 kHz hadi +2.

Mzee wa Trebo

Nyaya amemaliza, naongezea mawili. Suala la matangazo kuna kitufe chake: Auto Volume, kwenye baadhi ya TV ni AVL. Kiwashe. Kinabana sauti ikiruka ghafla. Ila mechi ikianza kizime, maana mtangazaji akinyamaza kinapandisha kelele za mashabiki, akirudi kuongea kinazishusha, uwanja mzima unakuwa kama unapumua.

Tatizo lenyewe si la TV. Kila kituo kinatuma sauti kwa kiwango chake. Ulaya, EBU (umoja wa vituo vya utangazaji) walitoa mwongozo wa R128 mwaka 2010 unaotaka vipindi na matangazo vilingane, wastani -23 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika. Marekani sheria yao ya CALM ilianza kubana Desemba 2012. Rimoti yako haiwezi kumfundisha kazi fundi mitambo wa kituo, inaweza tu kumpunguza makali.

La pili, pangaboi. Likiwa spidi ya mwisho linatoa mvumo na upepo unaofunika hizo hizo f na s. Punguza namba moja, utashangaa TV imepanda bila kuguswa. Na vigae vitupu na jipsam vinarushiana sauti. Zulia kati ya kochi na TV pamoja na pazia zito dirishani vinafanya kazi ambayo menyu haiwezi.

Dada wa Mbagala

Kaka Mwana Segerea, angalia maandishi nyuma ya TV kwa tochi ya simu. Hayo matundu ya nyekundu na nyeupe pembeni yake pameandikwa AV IN. Ni ya kuingizia sauti, siyo ya kutolea, ndiyo maana sabufa iko kimya. Hujaharibu kitu.

Unachotafuta ni moja ya haya:

Tundu la hedifoni, lina alama ya hedifoni au H/P OUT. Nunua waya wa pini moja ya mm 3.5 upande huu na vichwa viwili upande ule, nyekundu na nyeupe. Kariakoo inapatikana kila kona. Kabla hujalipa hesabu vipete vyeusi kwenye pini: viwe viwili. Ikiwa na vitatu, huo ni waya wa AV wenye njia ya picha, na vichwa vyake vya sauti havitakutana na mahali pake. Ukishachomeka, spika za TV huwa zinanyamaza zenyewe, na rimoti ya TV inaendelea kuongoza sauti.

Kama tundu hilo halipo (na TV nyingi za sasa hazina), tafuta OPTICAL. Ni tundu la mraba lenye kifuniko, na TV ikiwaka linatoa mwanga mwekundu. Hapo utahitaji kiboksi cha kubadili mwanga kuwa nyekundu na nyeupe. Mambo matatu yanawakwamisha watu: hawajatoa kofia ya plastiki iliyo kwenye ncha ya waya, wameacha TV kwenye Auto au Bitstream badala ya PCM, na kiboksi hakijapata umeme wa volti 5. Ukiona kimya au unasikia "krrrr", anzia kwenye PCM, kwa sababu viboksi vya bei ndogo havijui kufungua Dolby. Umeme wake tumia chaja ya simu, siyo USB ya TV. USB ya TV mara nyingine inaleta mluzi mwembamba. Jua pia kwamba TV nyingi zinatoa optical kwa kiwango kimoja, rimoti yake haiigusi. Utatumia rimoti ya sabufa.

Kuhusu midomo: TV inachukua muda kuisafisha picha kabla ya kuionyesha. Ukiitoa sauti moja kwa moja kwenye king'amuzi, yenyewe haisubiri, inafika kabla ya picha. Ukiipitisha kwenye TV, TV inaipangilia. Kwa hiyo waya ukikaa sawa, shida hii inaondoka yenyewe.

Mwana Segerea

Asanteni sana wakuu. Tundu la hedifoni lipo, na waya wenye vipete viwili umefungwa. Maongezi sasa yanasikika kwenye 22, midomo imekaa sawa. Mvumo bado upo, umepungua kidogo tu. Na je, sabufa yenyewe niiweke ngapi na TV ngapi?

Nyaya Tatu

TV iweke kwenye 70 hivi, kisha pandisha kitufe cha sabufa taratibu mpaka ufike kiwango cha juu ambacho nyumba inavumilia. Hapo kiache. Kushusha na kupandisha kwa siku zote ni rimoti ya TV. Ukifanya kinyume, TV chini na sabufa juu, sabufa inakuza pia "shhhh" na huo mvumo wako.

Kitufe cha besi kiwe robo. Na ukishatumia sabufa, 100 Hz ya TV irudishe 0, kwa sababu sasa kuna spika inayoiweza. Kwanza hakikisha kama ikwalaiza ya TV inafika kwenye hedifoni: shusha 10 kHz hadi mwisho, usiposikia tofauti ujue haifiki, basi panga kwa trebo ya sabufa.

Mahali pa kuweka spika watu wanapuuzia. Zile ndogo mbili ndizo zinazobeba maneno. Ziweke kushoto na kulia kwa TV, usawa wa masikio ukiwa umekaa. Zikining'inizwa kwenye kona karibu na dari, au zikipangwa juu ya sabufa lenyewe kama vyungu, maneno yanaachana na picha. Sabufa liwe sakafuni, lisisukumwe kwenye kona. Kona inavimbisha besi. Na kwa nyumba za kupanga zenye dari moja, besi ndiyo inayovuka ukuta kwa jirani, siyo maneno.

Mzee wa Trebo

Mvumo unatafutwa kwa kuchomoa, siyo kwa kubahatisha. Fuata hivi.

Chomoa waya wa sauti nyuma ya sabufa, liache linawaka. Mvumo ukibaki, ugonjwa uko ndani ya sabufa, kwenye upande wa umeme. Umeme wetu ni 50 Hz, ukishanyooshwa unaacha mawimbi ya 100 Hz, na kapasita kubwa za fyuzi ndizo zinazoyalainisha. Samahani, za pawa, siyo za fyuzi. Zikichoka, kichwa chake kinavimba juu kama andazi, na mvumo haupungui hata ukishusha sauti hadi sifuri. Fundi anabadilisha kwa kapasita ya ujazo ule ule, na volti sawa au zaidi, kamwe siyo pungufu. Usifungue mwenyewe kama hujui kuzimaliza umeme. Zinabaki na chaji hata baada ya kuchomoa.

Mvumo ukitoweka baada ya kuchomoa waya, rudisha waya, kisha fungua kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi. Ukikoma papo hapo, umempata. Dishi limefungwa kwenye nguzo au bati, lina ardhi yake, na vifaa vya ndani vina ardhi nyingine kupitia soketi. Tofauti ndogo ya hizo ardhi mbili inatembea kwenye ganda la waya wa sauti na sabufa inaikuza.

Tiba, kwa mpangilio wa bei: chomeka TV, king'amuzi na sabufa kwenye ekstensheni moja, soketi moja ya ukutani. Ikishindikana, weka kitenganishi cha ardhi kwenye waya wa mm 3.5, ni kidude chenye transfoma ndogo mbili ndani. Ikishindikana tena, hamia optical. Mwanga haupitishi umeme, kitanzi cha hizo ardhi mbili kinakatika chenyewe.

Asikudanganye mtu ukate au ukunje ile pini ndefu ya juu kwenye plagi. Mvumo utaisha kweli, na kinga ya kupigwa shoti itaondoka nayo.

Jingine: ukigusa chuma cha tundu la dishi ukahisi mkono unawashawasha, ni umeme mdogo unaovuja kwa kawaida kutoka kwenye pawa zisizo na ardhi. Ndiyo maana inafaa kuzima swichi ya ukutani kabla ya kuchomeka HDMI au kebo. Matundu ya HDMI mengi yanakufa kwa kuchomekwa yakiwa na moto.

Kibodi Mbovu

Nashughulika na flashi. Picha ipo, sauti hakuna, na mara nyingi TV inaandika kwamba mfumo wa sauti hautambuliki: faili lako lina sauti ya DTS, mfumo mwingine wa kubana sauti. Samsung waliondoa DTS kwenye TV zao kuanzia matoleo ya 2018, na LG nao wakafuata kwenye matoleo ya 2020. TV siyo mbovu na faili siyo bovu.

Jaribu kwanza bure: muvi ikiwa inacheza, fungua menyu ya mchezeshaji, tafuta Audio Track. Faili nyingine zina sauti mbili, ya pili ni AAC au AC3. Zile za kutafsiriwa huwa hazina shida hii, maana sauti imeshachanganywa upya.

TV ikiwa ya Android au Google TV, weka VLC (programu ya kuchezesha muvi), fungua faili humo. VLC inafungua DTS yenyewe. Kwenye mipangilio yake zima Audio digital output, vinginevyo itaipeleka DTS nzima nzima kwa TV na utarudi pale pale.

Kama TV haina VLC, geuza kwenye kompyuta kwa ffmpeg, programu ya kugeuza faili kwa kuandika amri:

ffmpeg -i muvi.mkv -c:v copy -c:a aac -b:a 192k -ac 2 muvi2.mkv

Hapo "copy" inaiacha picha kama ilivyo, kwa hiyo kazi ni ya dakika chache. Shida: faili la spika sita likibanwa kuwa mbili, maongezi yaliyokuwa kwenye spika ya katikati yanashushwa, milipuko inabaki. Ndiyo ile "wanaong'ong'ona halafu bomu". Unaweza kuipa spika ya katikati uzito zaidi; badala ya -ac 2 weka:

-af "pan=stereo|FL<FC+0.5*FL|FR<FC+0.5*FR"

FC ni hiyo ya katikati. Alama ya < inazuia sauti isizidi kipimo na kupasuka.

Jirani Mwema

Wakuu mnajitesa. Auze sabufa, anunue saundiba ya Bluetooth, hakuna waya, hakuna mvumo.

Dada wa Mbagala

Saundiba sawa, Bluetooth kwa TV hapana. Sauti inafungashwa, inarushwa, inafunguliwa. Kuchelewa kwa milisekunde 100 hadi 200 ni kawaida. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, walipima: mtu anaanza kuona kasoro sauti ikitangulia milisekunde 45 au ikichelewa 125. Kipengele cha Audio Delay kwenye TV nyingi kinaongeza kuchelewa tu, hakiwezi kuwahisha kilichochelewa.

Akinunua saundiba aifunge kwa HDMI iliyoandikwa ARC, yaani inayotoa sauti ya TV kwenda saundiba. Kwa kawaida ni tundu moja tu lenye neno hilo, siyo lolote. Kisha awashe CEC, inayofanya vifaa vya HDMI viongozane kwa rimoti moja, ambayo Samsung wanaiita Anynet+, LG SimpLink, Sony Bravia Sync. Bila hiyo rimoti ya TV haitaiongoza saundiba, na kwenye seti nyingi ARC yenyewe haiamki. Ikigoma, zima vyote ukutani, subiri dakika moja, washa TV kwanza.

Lakini kwa shida aliyoeleza, waya wa mm 3.5 umeshatosha. Sioni sababu ya kuuza kitu.

Mwana Segerea

Ni kebo ya dishi kweli. Ikifunguliwa, kimya. Vyote viko ekstensheni moja sasa na mvumo unasikika tu ukiweka sikio kwenye spika. Audio Track imeokoa muvi mbili, zilizobaki nitapitisha VLC.

La mwisho, la jirani yangu: ana TV iliyotumika, ukipandisha sauti inagota 20, haipandi tena. Spika zimekufa?

Nyaya Tatu

Hapana, hiyo ilikuwa ya hoteli. Imewekewa kikomo ili wageni wasisumbuane. Kwenye Samsung nyingi za hoteli, TV ikiwa imewaka, bonyeza kwa kufuatana Mute, 1, 1, 9, Enter. Itafunguka menyu ya Hospitality. Shuka kwenye Max Volume, weka 100, au zima Hospitality Mode yote. Halafu angalia Power On Volume, isije ikawa inaanza na 20 kila ikiwashwa.

Apige picha ya menyu kwa simu kabla ya kubadili chochote. Na ikiwa si Samsung, aandike hapa namba ya modeli iliyo kwenye stika ya nyuma.